Nukta ya Mwanga Bado Si Sayari: Namna ya Kuzitambua Sayari Zinazozaliwa

Ndugu wanafunzi, walimu wangu, na nyote mnaopenda kuutazama usiku,

Mwanzoni mwa Juni, kama saa tatu na nusu usiku, simama mahali penye giza hapa Dar es Salaam ukielekea kusini. Utauona Msalaba wa Kusini, na kando yake nyota mbili angavu zinazouelekeza. Nyosha mkono, pima ngumi mbili juu ya nyota hizo. Hapo kuna nyota iitwayo PDS 70. Kwa macho matupu huioni, ni hafifu mno. Iko miaka ya mwanga 370 kutoka kwetu, uzito wake ni karibu robo tatu ya uzito wa Jua, na umri wake ni kama miaka milioni 5. Jua letu lina miaka bilioni 4.6, kwa hiyo PDS 70 kati ya nyota ni kitoto kichanga.

Bado imezungukwa na diski ya gesi na vumbi iliyobaki tangu kuzaliwa kwake. Diski hiyo ina pengo kubwa katikati, na ndani ya pengo zimo sayari mbili ambazo hazijamaliza kukua. Ya kwanza, PDS 70 b, ilitangazwa 2018. Ya pili, PDS 70 c, ilitangazwa 2019. Nimeichagua nyota hii iwe nguzo ya mazungumzo yetu kwa sababu kati ya madai mengi ya sayari changa, machache sana yamesimama imara kama haya mawili. Na yamesimama kwa sababu yana mashahidi kadhaa wasiojuana. Kila njia ya kutafuta sayari ndani ya diski ina namna yake ya kudanganya. Ukiijua namna hiyo, utajua ni shahidi gani wa pili wa kumwita.

Kabla hatujaendelea, nitatumia neno "kizio" kwa umbali wa kutoka Dunia hadi Jua, yaani kilomita milioni 150. PDS 70 b iko vizio 22 hivi kutoka kwenye nyota yake, na c iko vizio 34 hivi.

Tuanze na kupiga picha yenyewe. Ilipogunduliwa, b ilionekana sekunde ya tao 0.195 kutoka kwenye nyota. Sekunde ya tao ni digrii moja iliyogawanywa mara 3,600. Ili upate picha ya udogo huo, chukua sarafu yenye upana wa sentimita 2.5 na uitazame kutoka kilomita 26. Hewa ya Dunia peke yake hutawanya mwanga wa nyota hadi nusu sekunde ya tao au zaidi, hata juu ya milima mikavu ya Chile. Bila kuirekebisha hewa, sayari imezama ndani ya ukungu wa nyota yake.

Kifaa kilichofanya kazi hiyo kinaitwa SPHERE, na kimefungwa kwenye mojawapo ya darubini nne za mita 8.2 zilizoko kwenye kituo cha Paranal, Chile. Ndani yake kuna kioo chembamba chenye visukumio 1,377 nyuma yake. Visukumio hivyo hukipinda kioo zaidi ya mara elfu moja kwa sekunde, kufuata jinsi hewa inavyochezesha mwanga. Kikifanya kazi vizuri, picha ya nyota katika infraredi (mwanga wa joto usioonekana kwa macho) ya maikromita 2.1 hukusanyika hadi upana wa sekunde ya tao 0.055 hivi. Kisha kizibo kidogo kiitwacho koronagrafu huufunika moyo wa nyota. Infraredi huchaguliwa kwa makusudi, kwa kuwa sayari changa ina joto la kama nyuzi elfu moja na inang'aa kwa joto lake yenyewe. Mshtarii ya leo, katika mwanga wa kawaida, ni hafifu kuliko Jua mara bilioni moja. PDS 70 b, katika infraredi, ni hafifu kuliko nyota yake kwa zaidi ya mara elfu moja tu. Uchanga ndio unaotupa nafasi.

Lakini kioo hakirekebishi kila kitu. Kasoro ndogo ndogo za vioo na lenzi huacha madoa ya mwanga kuizunguka nyota, na kila doa lina ukubwa na umbo lilelile ambalo sayari ingekuwa nalo. Ndiyo maana ukipewa picha moja huwezi kutofautisha.

Njia inayotumika ni kuiacha anga izunguke. Darubini kubwa za siku hizi hugeuka kulia na kushoto, juu na chini, kwa hiyo kadiri nyota inavyosafiri usiku, mandhari inayoizunguka hujizungusha mbele ya kamera. Ukikifunga kifaa kisiufidie mzunguko huo, madoa yanayotokana na darubini hubaki palepale, huku sayari ikitembea kwenye tao. Unapiga picha nyingi, unatengeneza kielelezo cha madoa kutokana na picha zenyewe, unakitoa kwenye kila picha, kisha unazigeuza zote ziangalie kaskazini na kuzijumlisha. Sayari hujengeka, na madoa hufutana.

Hapa hesabu ndogo inaokoa usiku mzima. Kwa PDS 70 ikipita juu ya Paranal, mandhari huzunguka kwa digrii 47 hivi kwa saa, na kasi hiyo ya juu hudumu karibu na wakati nyota inapokatiza meridiani, yaani mstari wa angani wa kutoka kaskazini hadi kusini unaopita juu ya vichwa vyetu. Kwa umbali wa sekunde ya tao 0.195, sayari inahitaji kuzunguka digrii 16 ndipo isogee kwa upana wake mwenyewe. Hiyo ni dakika 20. Picha mbili zilizopigwa kwa tofauti ya dakika 5 bado zina sayari karibu mahali palepale, na ukitoa moja kwenye nyingine unaifuta sayari uliyokuja kuitafuta. Kwa sayari iliyoko sekunde nzima ya tao, dakika 4 zinatosha. Na ndani ya dakika zile 20 madoa nayo huanza kubadilika, maana joto la kuba hushuka na upepo hugeuka. Kwa hiyo usikubali kupangiwa saa mbili zozote tu. Dai saa zilizoko pande zote mbili za meridiani.

Kosa kubwa zaidi linatoka kwenye diski yenyewe. Hesabu hii ya kutoa inapenda vitu vidogo na inachukia vitu vipana. Diski laini ikipita humo, sehemu zake pana zinaliwa na kingo zake kali zinabaki. Diski ya PDS 70 imeinama kwa digrii zaidi ya 50 kutoka kwenye mwelekeo wetu, kwa hiyo ukingo wake wa upande wa karibu huonekana kama upinde mkali karibu na nyota. Upinde wa namna hiyo ukikatwa na hesabu huacha vipande, na kipande cha upinde kinafanana sana na sayari.

Hilo lilitokea kwa nyota LkCa 15. Mwaka 2012 ilitangazwa kuwa na sayari changa, na mwaka 2015 yakaja matokeo mengine ya kuunga mkono, na hata mwanga wa haidrojeni ukatajwa. Mwaka 2019, picha bora zaidi kutoka darubini za Subaru na Keck kule Hawaii zilionyesha kuwa sehemu kubwa ya mwanga uliodhaniwa kuwa wa sayari ilitoka kwenye upinde wa diski ya ndani. Waliotangaza hawakuwa wazembe. Walitumia njia nzuri penye diski iliyojaa mikunjo, na vipimo vya wakati ule havikuweza kuutenga upinde na nukta.

Kinga iliyopo ni kuchomeka sayari bandia. Kabla ya kuchakata, ongeza kwenye picha ghafi nukta yenye mwanga unaoujua, kwenye umbali uleule lakini pembe nyingine, uone inatoka vipi upande wa pili. Fanya hivyo kwa diski bandia pia. Kisha jaribu kutumia picha za nyota nyingine isiyo na diski kama kielelezo cha madoa, maana hiyo haiwezi kuila sayari. Nukta inayohama au kubadilisha umbo kila unapobadili njia ya kuchakata, iache. Na angalia takwimu zako: kwa umbali ule wa b, duara linaloizunguka nyota lina nafasi 22 tu za kulinganisha kelele, yaani mwanga wa kubahatisha usiotokana na sayari, na ukikaribia nyota zaidi zinabaki sita. Kusema "mara tano ya kelele" ukiwa na sampuli sita si sawa na kusema hivyo ukiwa na mia.

Nukta ikipona majaribio yote hayo, inaweza bado kuwa nyota ya mbali iliyotokea nyuma. Dawa yake ni subira. PDS 70 husogea angani kwa sekunde ya tao 0.038 kila mwaka, na pikseli moja ya kamera ya SPHERE ni sekunde ya tao 0.012 hivi. Nyota ya nyuma ingeachwa pikseli tatu kila mwaka. Waliogundua b walikusanya picha kuanzia 2012 hadi 2016 kutoka vifaa vitatu tofauti, zikiwemo za kwenye hifadhi ambazo hazikuwa zimepigwa kwa ajili hiyo, na nukta ilikuwa imesafiri pamoja na nyota.

Sasa shahidi wa pili, ambaye kwangu ndiye mzuri kuliko wote: haidrojeni inayoanguka.

Sayari inayokua hunywa gesi. Chukua sayari yenye uzito wa Mshtarii tano na kipenyo mara mbili ya Mshtarii. Gesi inayoiangukia kutoka mbali hufika na kasi ya karibu kilomita 94 kwa sekunde. Inapogonga hupata joto kali, na haidrojeni hutoa mwanga mwekundu wa nanomita 656.3, mstari uitwao H-alfa. Mwanga wa diski tulivu hauna sababu ya kuwaka hivyo mahali pamoja. PDS 70 b ilionekana katika H-alfa mwaka uleule wa 2018 kwa darubini ya Magellan, kilomita mamia kutoka Paranal, kwa kifaa kingine na timu nyingine. Mwaka uliofuata yalitangazwa matokeo ya kifaa MUSE, ambacho hupasua mwanga wa kila pikseli kuwa rangi zake, kilichokuwa kimeelekezwa palepale. Kiliionyesha b, na pembeni ya pengo kikaonyesha nukta ya pili. Hiyo ndiyo c. Katika infraredi c imebanana na ukingo wa diski kiasi kwamba peke yake ingekuwa na utata wa LkCa 15. H-alfa ndiyo iliyoitoa gizani.

Hata hivyo, nyota changa nazo hunywa gesi na kutoa H-alfa kwa wingi, na vumbi la diski huuakisi mwanga huo. Kipimo sahihi ni uwiano. Linganisha H-alfa na mwanga wa rangi jirani mahali pa nukta, kisha fanya hivyo kwa nyota. Vumbi linaloakisi litakuwa na uwiano uleule wa nyota. Sayari itakuwa na H-alfa nyingi kupita kiasi, na mara nyingi umbo la mstari wake litakuwa tofauti. Nyota AB Aurigae, iliyotangaziwa sayari changa mwaka 2022 kwenye vizio 93, imekwama kwenye swali hili hasa: kitu kinachoonekana kimefunikwa na diski nzito, na ni vigumu kutenga mwanga wake na ule wa nyota unaoakisiwa.

Tuhamie kwenye mawimbi ya redio. Kwenye uwanda wa Chajnantor, mita 5,000 juu ya bahari katika jangwa la Atacama, ziko antena 66 za ALMA. Zinaweza kutandazwa hadi kilomita 16. Picha yake ya kwanza iliyotikisa taaluma hii ilipigwa 2014, ya nyota HL Tauri. Mnaijua Kilimia, kundi ambalo wakulima walilitumia kujua majira. Jirani yake kuna nyota nyekundu Aldebaran; HL Tauri iko digrii mbili tu kutoka hapo, ingawa kwa umbali ni nyuma sana, miaka ya mwanga 450 hivi. Ina umri usiozidi miaka milioni moja au karibu na hapo, na diski yake ilionekana na pete na mapengo safi kama mikunjo ya ukili kwenye mkeka wa duara. Mwaka 2018 mradi wa DSHARP ulipiga diski 20 kwa undani wa vizio 5 hivi, na pete zikaonekana karibu kote.

Kwa nini sayari ingechimba pengo? Gesi ya diski hujitegemeza kwa shinikizo lake, kwa hiyo huzunguka polepole kidogo kuliko chembe za vumbi zinavyotaka kuzunguka. Chembe za ukubwa wa milimita hukutana na upepo wa mbele, hupoteza mwendo, na huteleza kuelekea nyotani. Sayari nzito ikisukuma gesi kando, nje ya pengo hujengeka tuta la shinikizo. Chembe zinazoteleza hunasa hapo kama takataka kwenye tuta la mchanga maji yanapokupwa. Ndiyo pete unayoiona. Kwa nyota yenye uzito wa Jua, sayari yenye uzito wa Mshtarii iliyoko vizio 30 inatawala eneo la vizio 2 kila upande, na pengo lake huwa pana mara kadhaa ya hapo. ALMA inaweza kuliona.

Na hapa ndipo wengi wanapokimbilia hitimisho. Tuta la shinikizo linaweza kujengwa na sumaku ya diski yenyewe. Mipaka ambapo maji au kaboni monoksaidi huganda hubadilisha jinsi vumbi linavyoshikamana. Sayari moja nyepesi inaweza kuchora mapengo kadhaa iwapo gesi ina mnato mdogo. Kuhesabu mapengo na kusema "hapa pana sayari tano" ni kuona mawingu matano na kutangaza mvua tano. Pengo linakuelekeza pa kutafuta, basi.

Tena ALMA haipigi picha kama kamera. Kila jozi ya antena hupima kipande kimoja cha taarifa; kwa mfano, antena 43 hutoa jozi 903. Jozi zilizoachana mbali hushika mambo madogo, zilizo karibu hushika mambo makubwa. Ukitumia mpangilio mpana peke yake, utapata pete kali, lakini mwanga mpana wa diski utapotea na mapengo yataonekana matupu kuliko yalivyo. Omba mipangilio miwili na uiunganishe. Mvuke wa maji juu ya antena nao huchelewesha mawimbi. Kila antena kubwa ina kipokezi cha gigahezi 183 kinachoupima mvuke huo, na bado lazima urudi mara kwa mara kwenye chanzo kinachojulikana ili kusahihisha. Usipofanya hivyo, nukta husambaa.

Ushahidi wa redio ninaouthamini zaidi ni mwendo wa gesi. Kaboni monoksaidi hutoa mstari kwenye gigahezi 345.8. Gesi ikisogea kwa kilomita 1 kwa sekunde, mstari huhama kwa megahezi 1.15. Kwa hiyo unaweza kuchora ramani ya gesi kwa kila kasi, moja moja, na katika diski tulivu kila ramani ina umbo la mabawa ya kipepeo, laini. Sayari hulivuta umbo hilo na kulikunja. Mwaka 2018 mkunjo wa namna hiyo ulionekana kwenye diski ya HD 163296, vizio 260 kutoka kwenye nyota. Kasi ya mzunguko hapo ni kama kilomita 2.6 kwa sekunde, na mkunjo uliitikisa kwa asilimia 15 hivi, ishara ya sayari ya Mshtarii mbili ambayo hakuna kamera iliyokuwa imeiona. Hapa hatutegemei mwanga wa sayari kabisa. Tunapima uzito wake.

Ili usidanganyike, gawa masafa kwa vipande vyembamba kuliko mkunjo wenyewe. Vipande vya kilomita 0.4 kwa sekunde vingeufuta ule wa HD 163296. Hakikisha unaonekana kwenye ramani kadhaa zinazofuatana, na kwamba haujirudii upande wa pili wa diski, kwa kuwa diski nzito inayotikiswa na uzito wake yenyewe hujaa mikunjo kila mahali. Na kuwa mwangalifu unapotoa mwanga wa vumbi. Pale gesi ilipo nene, yenyewe huwa imeufunika mwanga wa vumbi ulioko nyuma yake. Ukiutoa tena kwa hesabu, unachimba shimo ambalo halipo.

PDS 70 ina shahidi wa tatu, wa redio. Mwaka 2021 ALMA ilithibitisha chembe za vumbi zikiizunguka c yenyewe, diski ndogo yenye nusu kipenyo kisichozidi vizio 1.2, ambamo miezi inaweza kujengeka. Joto lake, haidrojeni yake, na vumbi lake vyote viko mahali pamoja, ndani ya pengo la diski. Mwaka 2025 WISPIT 2 b iliingia njia hiyohiyo: sayari ya takriban Mshtarii tano, ikionekana katika infraredi na katika H-alfa, ikiwa imekaa ndani ya pengo kati ya pete, vizio 57 hivi kutoka kwenye nyota yake.

Najua swali litakalofuata: sisi tusio na darubini ya mita 8 tunaingilia wapi? Vipimo vya Paranal na vya ALMA kwa kawaida huwekwa wazi baada ya mwaka mmoja, bure, kwa yeyote mwenye intaneti. Programu ya CASA ya kuchakata ALMA ni ya bure. Kwa picha za infraredi, kuna kifurushi cha Python kiitwacho VIP, nacho ni bure. Anza na DSHARP, kwa sababu vipimo vyake vilitolewa vikiwa vimeshasahihishwa. Chukua diski moja, itengenezee picha mara tatu kwa kubadilisha uzito unaoupa jozi ndefu na fupi, uone pengo lilelile linavyopanuka na kusinyaa. Ukishazoea, shusha usiku mmoja wa SPHERE wa PDS 70. Chomeka sayari bandia kwenye umbali wa 0.195 upande ulio kinyume na b, chakata, na pima mwanga wake umepungua kwa kiasi gani. Ukiweza kuirudisha kwa usahihi wa asilimia kumi, geukia nyota yoyote ndani ya hifadhi hiyo ambayo ina pengo na haijawahi kutafutiwa H-alfa.